Kabaka Mutesa wa Kwanza na Mkasi wa Wapiga Chapa

Nawaletea habari za maisha ya Kabaka Mutesa wa Kwanza, aliyelazwa Kasubi katika mji wa Kampala. Sidhani kama yuko kati yetu asiyelijua jina lake. Lakini kulijua jina si kumjua mwenye jina. Mwaka huu katika chama chetu cha mijadala tuliulizana kama Mutesa alikuwa mfalme mwenye hekima au mfalme mkatili, na jambo lililonishangaza ni kwamba pande zote mbili zilitoa hoja zao katika vitabu vile vile vya wageni. Kila upande ulichagua ukurasa wake. Basi mimi, niliyekuwa mwandishi wa mkutano, nilitaka kujua jambo moja: je, vitabu hivyo tulivyoshika mikononi ni maneno yaleyale waliyoandika walioonana na Kabaka, au vimepita chini ya mkasi kabla ya kutufikia? Nimesoma miezi kadhaa, na haya ndiyo niliyoyapata.

Mutesa alizaliwa karibu na mwaka wa 1837. Baba yake alikuwa Kabaka Suuna wa Pili, na mama yake aliitwa Muganzirwazza. Suuna alikufa mwaka wa 1856, akaacha wana wengi, na wengine walikuwa wakubwa kuliko Mutesa. Lakini Katikiro Kayiira na wenzake walimchagua yeye, labda kwa sababu alikuwa kijana tu, wakadhani wataweza kumwongoza. Kama ndivyo walivyodhani, walikosea sana. Kijana yule alishika utawala kwa mkono wa nguvu, akakaa juu ya kiti miaka 28, na mama yake, aliyepata cheo cha Namasole, akawa mtu mkubwa katika nchi.

Hapo kwanza aliitwa Mukaabya, jina ambalo kwa Kiganda ni mwenye kuliza watu. Baadaye akaitwa Mutesa. Sisi tusomao Kiswahili tuangalie hapa, maana wageni walipoliandika jina hili kwa namna ya pwani waliandika Mtesa, na Mswahili asiyejua Kiganda akiliona hudhani ni mtu mwenye kutesa. Sivyo kabisa. Katika Kiganda, okuteesa ni kufanya shauri, kukaa barazani na kupima maneno. Basi jina lililomaanisha mtu wa shauri lilipokatwa herufi moja likawa mbele ya macho ya wengine jina la mtu wa mateso. Huu ndio mkato wa kwanza niliouona, nao ni wa herufi moja tu.

Waarabu na Waswahili walikuwa wamekwisha fika Buganda tangu siku za Suuna. Mutesa aliwakaribisha tena, akanunua kwao nguo, bunduki na baruti, na kwa upande wao wakachukua pembe na watumwa. Lakini hakutaka bidhaa peke yake. Alijifunza Kiswahili, akajifunza herufi za Kiarabu, na tangu mwaka wa 1867 akaanza kufunga Ramadhani pamoja na watu wa baraza lake. Watoto waliotumika nyumbani mwake walifundishwa kusoma. Ndivyo kusoma kulivyoingia Buganda, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, kabla hajafika mmisionari hata mmoja. Hata hivyo Mutesa hakukubali dini yo yote iwe juu ya enzi yake. Mwaka wa 1876 vijana Waislamu waliokataa nyama ya machinjio yake, na kusema kwamba asiyetahiriwa hawezi kuwaongoza katika sala, waliuawa Namugongo kwa amri yake. Habari hii haifichiki, wala haifai kufichwa na mtu ampendaye Mutesa.

Sasa tuje kwa wageni wa Ulaya. Wa kwanza alikuwa Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika mwezi wa Februari 1862, wakati makao ya Kabaka yalikuwa juu ya kilima cha Banda. Mwenzake Grant alikuwa amebaki Karagwe kwa ajili ya ugonjwa wa mguu, akafika mwisho wa Mei. Speke alikaa kwa Mutesa mpaka mwezi wa Julai, kisha akaenda kuona mahali Mto Nile unapotoka katika ziwa, karibu na Jinja. Basi fikirini jinsi maneno yalivyopita katika miezi ile. Speke alisema Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, aliyekijua kwa kuwa alipata kukaa India. Bombay akayatia katika Kiswahili. Mwingine akayatoa katika Kiswahili akayatia katika Kiganda. Jibu la Kabaka likarudi kwa njia ile ile. Kwa hiyo hata kabla ya wino kugusa karatasi, neno la Mutesa lilikuwa limekwisha vaa nguo tatu.

Kitabu cha Speke kilitoka mwezi wa Desemba 1863, kwa mpiga chapa Blackwood wa Edinburgh. Kwa muda mrefu watu walikisoma kama maneno ya Speke mwenyewe. Lakini Blackwood alipoona mswada aliona kuwa Speke hajui kuandika vizuri, akamtafuta mwanahistoria wa Scotland, jina lake John Hill Burton, autengeneze. Burton hakusahihisha nukta na herufi tu. Alibadili sentensi, akapanga habari upya, na mambo ambayo watu wa Uingereza wa siku zile wangeyaona si ya adabu yakaondolewa. Mswada wa Speke na karatasi za majaribio ya kupiga chapa hazikutupwa. Zimehifadhiwa katika maktaba kuu ya Scotland huko Edinburgh. Wataalamu kama David Finkelstein na Tim Jeal wamezisoma, wakaziweka kando ya kitabu kilichouzwa, mstari kwa mstari.

Walipata nini? Waliona Speke wa mswada ni mtu mwingine kidogo. Katika kitabu kilichouzwa tunamwona mtu imara asiyetikisika, aliyekaa kati ya watu wa ajabu akiwatazama kwa mbali. Katika mswada tunamwona mtu mwenye upweke na huzuni, aliyeingia katika maisha ya watu wa baraza kuliko alivyokiri baadaye. Namasole alimpa wasichana wakae nyumbani kwake, na mmoja wao, aitwaye Méri, Speke alimpenda kwa moyo, naye hakumpenda vile vile. Jeal alionyesha kwamba habari za mapenzi hayo zilipunguzwa na kukatwa. Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya faragha, yatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Maana ukimtoa mgeni katika picha, na kumficha jinsi alivyokula, alivyopenda na alivyokasirika, wanabaki Waganda peke yao chini ya taa, na kila walilofanya laonekana la kishenzi. Mkasi ulimkata Speke, lakini jeraha likawa la Mutesa.

Katika kitabu hicho mna habari inayorudiwa kila mahali, kwamba Mutesa alipopewa bunduki alimtuma mtoto wa nyumbani akaijaribu kwa mtu huko nje, na mtoto akarudi akifurahi. Upande mmoja wa mjadala wetu ulisimama juu ya habari hii tu. Mimi sisemi ifutwe. Nasema isomwe pamoja na ile miezi mitano yote: Mutesa akiwinda ndege na mgeni, akimwuliza juu ya dawa, juu ya nchi za mbali, na juu ya njia ya kupeleka bidhaa kwa kupitia mto. Ukurasa mmoja si kitabu, na kitabu kilichochongwa na mkono wa pili si ushahidi wa mtu mmoja.

Baada ya Speke walipita wengine, na mwezi wa Aprili 1875 akafika Henry Morton Stanley. Walionana pwani ya ziwa, kisha wakaenda Rubaga, ambako Mutesa alikuwa amehamia. Pamoja na Stanley alikuwako kijana Dallington Muftaa, aliyesoma katika shule ya misioni Zanzibar. Stanley alipoondoka, Dallington alibaki kwa Kabaka, akamsomea Maandiko kwa Kiswahili na kumwandikia barua. Kijana huyu, mwanafunzi kama sisi, amesahauliwa na wengi, na hali yeye ndiye aliyebaki akifundisha wakati mkubwa wake alipokwisha kwenda zake.

Stanley aliandika barua tarehe 14 Aprili 1875, akampa Mfaransa Linant de Bellefonds, aliyekuwa akitumika chini ya Gordon, aipeleke kwa njia ya Nile. Ikatoka katika gazeti la Daily Telegraph la London tarehe 15 Novemba mwaka ule, na baada ya siku chache mtu mmoja asiyetaja jina lake aliahidi paundi 5,000 ili wamisionari wapelekwe. Watu wengi husema kwamba hiyo ni barua ya Mutesa kwa Malkia Victoria. Siyo. Ni barua ya Stanley kwa wasomaji wa gazeti. Tena kuna hadithi ipendwayo mno, kwamba Linant aliuawa njiani na barua ikaonekana ndani ya kiatu chake. Ni kweli Linant aliuawa na Wabari mwezi wa Agosti 1875. Lakini alikuwa amekwisha rudi salama kwa Gordon, na aliuawa alipovuka mto kutoka kambi ya Gordon kwenda kupigana. Kwa hiyo barua haikuhitaji kiatu ili ifike.

Tena Stanley aliandika mara tatu: kwanza katika daftari lake la safari, pili katika barua za magazeti, na tatu katika kitabu chake cha mwaka wa 1878. Daftari lilipigwa chapa mwaka wa 1961, na barua za magazeti zilikusanywa mwaka wa 1970, na sasa mtu aweza kuyaweka yote matatu juu ya meza moja. Daftari ni fupi, maneno makavu ya mtu aliyechoka na safari. Kitabu kina hotuba ndefu, Kabaka akinena kama mchungaji mbele ya makabaila wake. Kwa Speke tuliona vitu vilivyotolewa. Kwa Stanley twaona vitu vilivyoongezwa. Hivyo mtu asidhani kwamba maandiko marefu zaidi ndiyo ya asili. Kilichokatwa chatakiwa kurudishwa, na kilichopachikwa chatakiwa kutolewa.

Kampala imepata kuona jambo la namna hii hata katika sinema. Mwaka wa 1974 Barbet Schroeder alitengeneza filamu juu ya Idi Amin. Amin alitaka sehemu fulani zikatwe, na Schroeder alipokataa, Amin akawashika Wafaransa waliokaa Uganda mpaka vipande vikatolewa, kiasi cha dakika mbili na nusu. Amin alipoanguka mwaka wa 1979 Schroeder alivirudisha. Hapo kazi ilikuwa rahisi, maana aliyeikata alijulikana, sababu ilijulikana, na vipande vilikuwa mikononi mwa mwenyewe. Amin alikata kwa sababu aliogopa kuonekana alivyo. Lakini Mutesa hakuwa na mkasi. Waliomkata walikuwa mbali, hawakumwona hata siku moja, wala yeye hakuona kitabu chao. Hiyo ndiyo tofauti, nami naona ni kubwa.

Je, waandishi wetu wenyewe hawakukata? Tusijidanganye. Apolo Kaggwa alitoa kitabu chake cha Kiganda juu ya wafalme wa Buganda mwaka wa 1901, na Ham Mukasa alitoa chake juu ya siku za Mutesa mwaka wa 1938. Hawa walikuwa vijana wa nyumbani mwa Kabaka, walisikia mengi kwa masikio yao. Lakini Kaggwa alipoandika alikuwa Katikiro na kiongozi wa Waprotestanti walioshinda vita vya dini, na aliyeshinda huandika akiwa amekaa juu ya kiti. Semakula Kiwanuka alipotoa kitabu cha Kaggwa kwa Kiingereza mwaka wa 1971 alikifanyia hisani iliyo bora: alikipima kwa habari nyingine, na palipopingana akaonyesha. Hivyo ndivyo inavyompasa mtu anayempenda mwandishi.

Turudi kwa Mutesa katika miaka yake ya mwisho, ambayo kwangu ndiyo inayoonyesha akili yake. Mwaka wa 1876 Gordon alimpelekea askari wapatao 160 chini ya Nuehr Agha, ili bendera ya Misri isimame kwa Kabaka. Mutesa hakupigana nao. Aliwakaribisha mjini, akawaweka mahali ambapo hawakuweza kwenda wala kupata chakula ila kwa idhini yake, na mwisho Gordon mwenyewe ndiye aliyetafuta njia ya kuwatoa. Tarehe 30 Juni 1877 wakafika wamisionari wa Kiingereza, Shergold Smith na Wilson. Mackay akafuata Novemba 1878. Na Februari 1879 wakafika Mapadri Weupe, Padri Lourdel na Bruda Amans. Sasa Kabaka alikuwa na Waislamu, Waprotestanti na Wakatoliki katika baraza moja, akawasikiliza wote wakibishana mbele yake, wala hakujitia chini ya mmoja. Alipeleka wajumbe watatu Uingereza, nao mwaka wa 1880 wakaonana na Malkia Victoria, kisha wakarudi wakasimulia waliyoyaona.

Lakini wakati huo alikuwa amekwisha shikwa na ugonjwa mrefu. Akarudia pia waganga wa Lubaale, jambo lililowahuzunisha wamisionari wote. Mama yake alipokufa mwaka wa 1882, Mutesa alimwagiza Mackay amtengenezee jeneza kubwa. Katika mwaka huo huo alijenga nyumba yake kuu juu ya kilima cha Kasubi, mahali alipokuwa na makao baba yake. Akafa humo mwezi wa Oktoba 1884. Desturi ya zamani ilikuwa mwili wa Kabaka kuzikwa mahali pengine, na taya lake kuondolewa na kuwekwa katika nyumba yake peke yake. Mutesa aliacha desturi hiyo. Alizikwa mzima, nyumbani mwake. Naye mwanawe Mwanga akashika ufalme. Baadaye Mwanga, Daudi Chwa na Mutesa wa Pili nao wakalazwa Kasubi, huyu wa mwisho mwaka wa 1971, baada ya kufa London mwaka wa 1969.

Kasubi si mbali nasi, nami nilikwenda na wenzangu wawili wakati wa likizo. Kilima kile, chenye karibu hekta 27, kiliandikwa na UNESCO mwaka wa 2001 kuwa urithi wa dunia nzima. Nyumba kuu, iitwayo Muzibu Azaala Mpanga, ina pete 52 darini, pete moja kwa kila ukoo wa Buganda. Tarehe 16 Machi 2010 iliteketea kwa moto, na watu walilia barabarani. Ikaandikwa katika orodha ya mahali penye hatari, na baada ya kazi ya miaka mingi ikatolewa katika orodha hiyo mwezi wa Septemba 2023.

Mwenzangu mmoja aliuliza kama nyumba iliyopo ni ya asili kweli, maana nyasi ni mpya. Ni swali la haki. Lakini nyumba iliyoungua nayo haikuwa na nyasi za Mutesa, na mwaka wa 1938 Daudi Chwa alitia ndani yake saruji na chuma. Basi asili yake haikuwa katika unyasi mmoja. Kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye, na kazi ya kuipamba ni ya ukoo wa Ngo. Baba humfundisha mwana, na ujuzi ule haukuungua. Iwapo mwezekaji atakosea, wazee wa ukoo wako, watamwambia. Kitabu hakina ukoo. Kikikosewa huenda dunia nzima na kosa lake, mpaka apatikane mtu wa kurudi kwenye karatasi ya kwanza na kusoma.

Sasa nitoe hukumu yangu, kwa kuwa mtu aliyesoma asipotoa hukumu amejificha. Mutesa aliua, na damu ya Namugongo ya 1876 haiwezi kufutwa na sifa. Lakini ndiye pia aliyeona, mapema kuliko majirani zake wengi, kwamba dunia inamjia kutoka pande mbili, pwani na Nile, akaikabili kwa kusoma, kwa kuuliza na kwa shauri. Alipokufa nchi yake haikuwa chini ya mtu. Hicho ndicho naona katika maandiko yote, yaliyokatwa na yaliyoongezwa, Kiingereza na Kiganda. Wasifu wake haukosi ubaya, ila ubaya wake umehesabiwa kwa uangalifu zaidi kuliko akili yake.

Kwenu wanafunzi wenzangu nasema hivi: mtakapotoa hoja katika mjadala, ulizeni kitabu kilitoka mwaka gani, nani alikitengeneza, na kabla yake kulikuwa na nini. Na kwenu wazee wetu mliosoma hapa zamani: wengi wenu mna barua, madaftari na picha za baba zenu sandukuni. Msizichome, wala msizisafishe kwa kutoa yasiyopendeza. Zileteni katika maktaba ya shule kama zilivyo. Watakaokuja baada yetu watakuwa na mjadala wao, nao watahitaji karatasi ya kwanza.